Tarehe Sifuri, Mwezi Sifuri

Kati ya maandishi yote kuhusu Kenya niliyosoma mwaka huu, yaliyonikaa kichwani zaidi hayana jalada, hayana mchapishaji, na hayauzwi dukani. Ni faili moja ya maandishi matupu inayoitwa "africa". Imo ndani ya mkusanyo unaojulikana kwa herufi mbili tu, tz, ambao ni databesi ya majira ya dunia nzima, na kuna uwezekano mkubwa nakala yake iko ndani ya simu unayosomea makala haya. Simu ikitaka kujua Nairobi ni saa ngapi, haiulizi jua. Inaangalia humo.

Nataka kuisoma faili hiyo jinsi tunavyosoma riwaya kwenye kurasa hizi: nani anasimulia, nani anasimuliwa, nani ameachwa nje. Wazo si langu peke yangu. Mwaka 2009 mwandishi wa teknolojia wa Marekani, Jon Udell, aliandika makala ya kuisifia tz kama kazi ya fasihi, na hakukosea. Lakini yeye aliisoma kama mgeni anayetembea ndani ya makumbusho. Mimi niko Nyansiongo, Borabu, kaunti ya Nyamira, na nimeisoma nikiwa na kesi mkononi.

Tuanze na sifa. Mkusanyo huu ulianzishwa na Arthur David Olson miaka ya 1980, ukalelewa kwa miaka mingi na Paul Eggert, na tangu 2011 unahifadhiwa na IANA. Mwaka huohuo wa 2011 kampuni ya programu za unajimu, Astrolabe, iliwashtaki Olson na Eggert, ikidai saa za zamani zimetolewa kwenye atlasi yake. Kesi iliondolewa 2012. Yaani wanajimu walikaribia kumiliki saa yako, na wewe uko tu TikTok.

Faili yenyewe ina mistari ya aina mbili. Kuna mistari ya mashine: namba, tarehe, basi. Halafu kuna mistari inayoanza na alama ya #, ambayo mashine huiruka bila kusoma. Hizo ni kamenti, za binadamu kwa binadamu, na utamu wote uko humo. Watu wanabishana kuhusu tangazo la serikali la miaka mia iliyopita, wanasahihishana, wanailaumu atlasi ya zamani kwa kubahatisha. Kama umewahi kufurahia tanbihi za kitabu kuliko kitabu chenyewe, hapo utapotea siku nzima.

Mistari ya Nairobi ni sita. Nikiitoa kwenye lugha ya mashine inasema hivi. Mwanzoni jua ndilo lilikuwa saa, na Nairobi ilikuwa saa 2, dakika 27 na sekunde 16 mbele ya Greenwich. Mei 1908 ikawa saa mbili na nusu kamili. Usiku wa mwisho wa Juni 1928 ikaongezwa nusu saa, ikawa tatu. Mwanzoni mwa Januari 1930 nusu saa hiyo ikarudishwa. Usiku wa mwisho wa 1936 ikaongezwa robo saa. Usiku wa mwisho wa Julai 1942 ikaongezwa robo nyingine, tukafika saa tatu mbele ya Greenwich, na hapo ndipo tuko hadi leo.

Kwa mtu wa Gusii, mwaka 1908 hauwezi kuwa namba tu. Januari ya mwaka huo Otenyo alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote, yule ambaye wazee walimwita Nyarigoti, na jeshi likaja kuchoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Miezi minne baadaye serikali ileile ikatangaza saa moja kwa nchi nzima. Faili haimjui Otenyo, na siilaumu, si kazi yake. Lakini nikikutana na "1908 May" kwenye ule mstari, siwezi kuona saa peke yake.

Tena mistari hii imeandikwa upya. Matoleo ya zamani yalisema robo saa ya mwisho iliongezwa 1960. Mwishoni mwa 2020 mchangiaji mmoja alichimbua matangazo ya gazeti rasmi la kikoloni, na 1960 ikawa 1942. Zaidi ya miaka kumi na saba ya saa za Kenya ilisogezwa robo saa kwa kubadilisha mstari mmoja, na hakuna aliyesikia kishindo. Na Dar es Salaam, Kampala, Mogadishu na Addis Ababa hazina mistari yao kabisa. Zimeelekezwa zisome ya Nairobi, kwa sababu tangu 1970 saa zao zimekuwa sawa. Kwa hiyo ukiuliza simu kuhusu Dar ya 1937, unapewa Nairobi ya 1937. Mtanzania akisoma hapa atakasirika, na mimi nitakuwa upande wake.

Sasa tazama kitu kidogo ambacho mwandishi wa riwaya angekitunga akajisifu. Usiku ule wa mwisho wa 1936, saa ya Nairobi ilitoka usiku wa manane ikaruka hadi dakika ya kumi na tano. Maana yake usiku wa manane wa kuingia Januari 1, 1937 haukuwepo. Hata sekunde moja. Na sisi tuna tabia gani mtu asipojua siku aliyozaliwa? Tunamwandikia Januari mosi. Na programu nyingi zikipewa tarehe bila saa hujiwekea zenyewe usiku wa manane. Kwa hiyo mzee wa 1937 aliyepewa siku ya kuzaliwa na karani amewekwa kwenye dakika ambayo, kwa mujibu wa faili hii, haikuwahi kutokea. Programu nyingine humsogeza mbele kimya hadi 00:15. Nyingine humkataa, zikisema muda huo haupo.

Wa 1940 naye ana shida yake. Mfumo mmoja ukimhifadhi kwa hesabu ya saa tatu za leo, na mwingine ukamsoma kwa 2:45 ya wakati ule, anarudi nyuma dakika kumi na tano, anaangukia Desemba 31, 1939, saa tano na dakika arobaini na tano usiku. Robo saa imemzeesha mwaka mzima kwenye karatasi.

Nilifikaje huku? Kwa njaa, kama kawaida. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo naandika, nasahihisha insha za watu, na nikipata, nasafisha data. Chama kimoja cha akiba cha wakulima huku kwetu, jina naliacha, kilikuwa kinahamisha orodha ya wanachama kutoka mfumo wa zamani uliotumia MySQL kwenda mpya unaotumia PostgreSQL. Wengi wao ni wakulima wa chai. Nilipewa meza karibu na dirisha, laptopu ya ofisi yenye kibodi isiyo na herufi ya N, na chai ya maziwa bila kikomo. Kazi ilisimama kwa mzee wa kwanza tu.

Ujumbe ulisema, kwa Kiswahili changu, kwamba thamani ya tarehe iko nje ya mipaka: "1948-00-00".

Nimeutazama ujumbe huo kuliko nilivyowahi kulitazama shairi lolote darasani. Na ukizisoma jumbe za hitilafu za databesi mbalimbali kwa pamoja, utaona kila moja ina sauti yake. Ile ya SQL Server husema kugeuza maandishi kuwa tarehe kumeshindikana, inaishia hapo. Nani ameshindwa, mstari gani, thamani ipi, hakuna. Ni yule karani wa dirishani anayekwambia "haiwezekani" huku ameshaanza kumtazama mtu aliye nyuma yako. MySQL ni naibu wa chifu barazani: inataja thamani, inataja safu, inataja namba ya mstari, watu wote wajue ni wewe. PostgreSQL ni mwalimu mpole. Ukiipa 23/04/1961 huku imepangwa kusoma mwezi kwanza, inakataa, kisha inaongeza dokezo kwamba labda unahitaji mpangilio mwingine wa tarehe. Labda! Katika maandishi yote ya mashine niliyowahi kusoma, hiyo "labda" ndiyo ninayoipenda zaidi. Kuna mtu aliyeiandika akijua kwamba upande wa pili kuna mtu amechoka.

Lakini sifa hiyo ina mpaka. Chukua mfumo uliopangwa kusoma mwezi kwanza kama Wamarekani, uupe tarehe zetu za kuanza na siku. Tarehe yoyote kuanzia 13 kwenda juu itakataliwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13 (Ethiopia wanao, lakini wacha). Kwa mwaka wa siku 365, hizo ni tarehe 221. Tarehe 12 zinasomeka sawa pande zote mbili, kama 5/5. Zinabaki 132, na hizo zitapita bila neno lolote, zote zikiwa si kweli. Aliyezaliwa Aprili 3 amekuwa wa Machi 4, na mfumo umekushukuru. Watu hulalamika kuhusu ujumbe wa hitilafu kama vile ndio ugonjwa. Kwenye zile 221 angalau mtu ameitwa aje aangalie. Ni zile 132 ambazo zitamfuata mtu hadi benki.

Majina ya miezi nayo yana kichekesho chake. Andika vifupisho vya Kiswahili kwenye databesi inayotarajia Kiingereza: Jan, Feb, Apr, Jun, Jul, Sep na Nov zinapita, kwa bahati ya kukopa. Mac, Mei, Ago, Okt na Des zinakwama. Mkulima aliyejiunga Aprili ni mwanachama. Aliyejiunga Mei ni hitilafu.

Turudi kwa 1948-00-00, kwa sababu hapo ndipo pana jambo. Mwanzoni nilidhani ni uchafu wa karani. Kumbe ni haki iliyokuwa imeandikwa. Mwongozo wa MySQL unasema wazi kwamba inaruhusu siku iwe sifuri, au mwezi na siku ziwe sifuri, na unataja sababu: ni kwa ajili ya tarehe za kuzaliwa ambazo huenda hujui siku yake kamili. Nilipoisoma sentensi hiyo nilisimama nikaenda nje kidogo. Kwenye kurasa zote za kiufundi nilizopitia, hapo tu ndipo niliona mtu aliyewafikiria wazee kama wa Nyansiongo, ingawa najua hakuwahi kusikia hili jina. 1948-00-00 si uongo wala si ukosefu wa habari. Inasema: mwaka tunao, mengine hatuna. Ni sentensi nzima.

Halafu wakaifunga. Kuanzia toleo la 5.7, la 2015, MySQL huja ikiwa imewashwa ukali, na tarehe za sifuri hukataliwa hadi uombe ziruhusiwe. Naelewa kwa nini. Toleo la zamani likilegezwa lilikuwa likipewa Februari 30 linaigeuza 0000-00-00 na kunong'ona onyo ambalo hakuna aliyelisoma. Sifuri ya heshima na sifuri ya uzembe zilifanana, kwa hiyo zikafukuzwa pamoja. PostgreSQL haikuwahi kuwa na mlango huo. Ajabu ni kwamba PostgreSQL inakubali tarehe iitwayo "infinity", yaani isiyo na mwisho. Umilele ni tarehe halali. Mwaka 1948 bila mwezi, hapana.

SQL Server nayo, kwenye aina yake ya zamani ya tarehe, haipokei kitu chochote kabla ya Januari 1, 1753. Sababu ni kalenda: Uingereza na makoloni yake walibadilisha kalenda Septemba 1752, wakalala tarehe 2 wakaamka tarehe 14, na waliojenga programu hawakutaka kulitatua hilo fumbo. Sawa, ni uamuzi. Lakini Utenzi wa Tambuka, ule wa Bwana Mwengo wa Pate, ni wa 1728. Mtu akitaka kuorodhesha miswada ya Kiswahili kwa aina hiyo ya data, utenzi wetu wa zamani unaojulikana kwa tarehe utarudishiwa ujumbe kwamba uko nje ya mipaka. Aina mpya iliyokuja na toleo la 2008 inaanzia mwaka wa kwanza, basi ukiipa mwaka wa utenzi huohuo kwa hijria, 1141, itaupokea kwa furaha na kuuweka karne sita nyuma, hata kabla ya Vasco da Gama kuzaliwa.

Kabla yangu kulikuwa na fundi mwingine. Alizifuta zile tarehe zote za sifuri, safu ikabaki tupu, majaribio yakapita, akalipwa. Tupu kwenye databesi si sifuri. Ni "sijui", na ukiiuliza "sijui" kama imefika miaka 75, jibu si ndiyo wala hapana. Mstari unaachwa nje tu. Sasa, chama hiki humwondolea mwanachama makato ya mfuko wa mazishi akifikisha miaka 75. Wazee karibu mia tatu hawakuwa na umri tena, kwa hiyo hawakuwa na 75, kwa hiyo wakaendelea kukatwa shilingi mia mbili kila mwezi. Mfumo haukutoa ujumbe wowote. Kila kitu kilikuwa kijani.

Mmoja wao alikuja ofisini na kitambulisho amekifunga kwenye kona ya leso. Niliambiwa niongee naye kwa kuwa "wewe ndiye wa tarehe".

"Magokoro, ulizaliwa lini?"

"Elfu moja mia tisa arobaini na nane," akasema, kwa ile sauti ya watu waliokariri jibu la ofisini.

"Mwezi gani?"

Akacheka hadi meneja akatoka kuangalia. "Mjukuu wangu, mwezi ulikuwa unaandikwa na nani?"

Nikamwambia aniambie tu anavyojua. Akasema wimbi lilikuwa linavunwa, mama yake alikuwa shambani na kisu mkononi uchungu ulipomshika. Kaka yake mkubwa alikuwa amerudi kutoka Burma, kwa vita vya Hitler, alikuwa ameoa, na mtoto wake wa kwanza alikuwa ameanza kutembea. Huyo mtoto wa kaka ndiye alimbeba mgongoni baadaye. Na walikuwa bado hawajahamia huku Borabu, huku kulikuwa kwa wazungu.

Hesabu vitu alivyonipa: msimu, kwa hiyo Julai au Agosti kwa mwendo wa shamba. Vita. Mfuatano wa nani alimtangulia nani. Mipaka ya ardhi kabla ya uhuru. Hii ni tarehe iliyojaa kuliko yangu mimi, ambayo ni namba nane kwenye cheti cha kuzaliwa. Kinachoitwa "haijulikani" kwenye fomu kinajulikana vizuri sana. Kinakosa tu kisanduku.

Meneja alitaka tumalize. "Weka Januari mosi kwa wote, twende nyumbani." Si mtu mbaya, na nchi nzima hufanya hivyo. Lakini Januari mosi nayo ni dai. Chukua mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ulioanza 2018, shilingi 2,000 kwa mwezi. Aliyezaliwa 1948 akiandikwa Januari 1, ametimiza 70 mwanzoni kabisa mwa 2018. Akiandikwa Desemba 31, anasubiri karibu mwaka. Tofauti kati ya karani wa haraka wa aina moja na karani wa haraka wa aina nyingine ni shilingi 24,000, na Magokoro alizaliwa wimbi likivunwa, katikati.

Wanasayansi walishawahi kuonja hii. Excel ilikuwa ikiziona jeni zenye majina kama MARCH1 na SEPT1, inazigeuza kuwa tarehe, na utafiti unaharibika. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni iliamua kubadilisha majina ya jeni. Hawakungoja Excel ibadilike, walibadilisha jeni! Wakiinama wao, wenye maabara, nani ataiambia programu iiname mbele ya mama mwenye leso?

Na bado sijagusa saa. Kwenye kijitabu cha kituo kimoja cha kupimia majani nilichopewa niingize, karani mzee ameandika "saa 4", "saa 8". Karani kijana anayempokea zamu ameandika "10", "2". Ni saa zilezile. Aliyeingiza kabla yangu alichapa 04:00 na 08:00 kwa wa kwanza, 10:00 na 14:00 kwa wa pili, na databesi ikazikubali zote, kwa sababu 04:00 ni saa halali kabisa. Ukiiamini, nusu ya wakulima wa Nyansiongo huuza majani gizani. Hakuna aina ya data duniani ambayo ingelikamata hilo, kwa kuwa tatizo si umbo la namba. Ni nani aliyeisema.

Juma pia hivyohivyo. Kiwango cha kimataifa cha tarehe, ISO 8601 cha 1988, kinasema siku ya kwanza ni Jumatatu. Sisi tumeweka namba ndani ya jina lenyewe, mosi ni Jumamosi, na Jumatatu ni ya tatu. Tena tuna tano mbili, Jumatano kwa hesabu yetu na Alhamisi kwa hesabu ya Kiarabu, zinakaa jirani bila kugombana. Mashine ingeshindwa kuishi wiki moja ndani ya Kiswahili.

Sasa rudi kwenye faili ya "africa". Nilitafuta neno "Swahili" nikiwa na matumaini. Lipo. Halipo kwenye sehemu ya Kenya, wala Tanzania. Liko chini ya Ethiopia, kwenye kamenti inayoeleza kwamba Waethiopia wengi, kama Waswahili wa Kenya na Tanzania, huhesabu saa kumi na mbili kuanzia saa "yetu" ya 06:00, kwa hiyo nane yao ni 02:00 au 14:00 "yetu", na ukumbuke hilo ukiuliza saa kwa Kiamhari. Kamenti ni ya upole, ni sahihi, na inasaidia. Lakini angalia ilipowekwa. Saa ya mamilioni ya watu imo kwenye mstari unaoanza na #, ambao mashine imeagizwa isiusome. Na hiyo "yetu", ni ya nani? Mwandishi anawageukia wasomaji wake akiwa na hakika kwamba hakuna kati yao anayeamka saa kumi na mbili asubuhi. Ni neno moja tu, na nadhani lilimponyoka. Riwaya nyingi za wageni kuhusu Afrika zimejengwa juu ya neno hilohilo.

Ninachoishukia faili si ubaguzi, hapana. Ni kwamba ndiyo maandishi ya uangalifu zaidi kuhusu saa zetu, inaweza kukwambia Nairobi ilikuwaje kwa sekunde 16 kabla ya 1908, na uangalifu wote huo umeelekezwa kwa magazeti ya serikali. Kilichotangazwa ndicho kilichotokea. Watu walikuwa wakipangaje siku zao huku Gusii usiku ule wa 1936, hakuna gazeti lililoandika, basi hakuna mstari.

Na suluhisho lipo, hata si geni. Wakutubi walilitatua zamani, kwa sababu vitabu na barua huja bila tarehe kamili kila siku. Kazi iliyoanzia Maktaba ya Bunge ya Marekani iliingizwa 2019 kwenye sehemu ya pili ya ISO 8601, na inaruhusu kuandika 1948-XX-XX kwa mwezi na siku zisizojulikana, au kuweka alama ya kukisia. Viwango vimeruhusu. Aina za data tunazopewa ndani ya databesi za kawaida ndizo hazijafika huko.

Kwa hiyo nilifanya kwa mkono. Safu tatu badala ya moja: mwaka, mwezi, siku, kila moja ikiruhusiwa kubaki tupu, na umri wa makato unahesabiwa kwa mwaka peke yake, kama chama kilivyokuwa kikifanya zamani. Kisha safu ya nne ya maandishi, bila umbo lolote, inayoitwa maelezo. Meneja aliuliza kama hiyo ya nne itaonekana kwenye ripoti. Nikamwambia haitaonekana. Akasema basi iache. Kwa Magokoro niliandika 1948, 8 yenye alama ya kuuliza kwenye maelezo, siku tupu, na hayo ya wimbi, Burma, na mtoto anayetembea. Makato yalisimama mwezi uliofuata. Aliyokwisha kukatwa bado yanajadiliwa na kamati.

Tangu hapo nina rasimu kwenye simu, kamenti ya mistari minne ya kupeleka kwa watunzaji wa tz, iwekwe chini ya Kenya, kuhusu jinsi huku saa inavyosemwa. Tatu za mwisho zimekamilika. Ya kwanza nimeifuta mara kadhaa, kwa sababu nimekwama kwenye kuchagua kama 06:00 niiite yetu au yenu.